Hati ya Ardhi Isiyonyooka na Mkopo Unaochelewa

Mazungumzo yetu baada ya habari siku ya leo yanawahusu hasa wanajeshi na askari polisi wenye nyumba au mashamba waliyokwisha kuyaweka rehani benki, na ambao sasa wanataka kuyaweka rehani upya. Wengi wao hufika benki wakiwa na mshahara wa uhakika, na benki yenyewe iko tayari kuwakopesha. Hata hivyo mkopo hautoki. Wakiuliza sababu, huambiwa kwamba hati haijanyooka. Maneno hayo mawili ndiyo tunayokusudia kuyafafanua.

Kwanza yafaa tufahamu maana ya jambo lenyewe. Rehani ni mali ambayo mdaiwa huiweka kuwa dhamana ya deni lake. Mdaiwa huendelea kukaa katika nyumba yake na kulima shamba lake, lakini hawezi kuliuza wala kuligawa bila idhini ya mdai wake, na akishindwa kulipa, sheria inampa mdai njia ya kuiuza mali hiyo ili ajilipe. Rehani mpya hutokea pale mali ambayo tayari imefungwa kwa deni moja inapofungwa kwa deni jingine. Huenda mtu amebaki na benki ile ile lakini anaomba fedha zaidi. Huenda pia amepata benki nyingine yenye riba ndogo, ambayo italilipa deni la zamani na kuishika rehani yeye mwenyewe akiwa mdaiwa wao.

Kuchelewa kwa jambo hili si usumbufu tu, ni hasara inayohesabika. Tuchukue mfano wa hesabu. Askari amebakiwa na deni la faranga 10,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na benki nyingine imekubali kumtoza asilimia 15. Tofauti ya asilimia 3 ni faranga 300,000 kwa mwaka, yaani kama faranga 25,000 kila mwezi hapo mwanzo. Hati ikikwama kwa miezi 6, askari huyo amepoteza karibu faranga 150,000. Fedha hizo ni za karo na za chakula cha watoto, wala hakuna atakayezirudisha.

Swali ambalo wakopaji wengi huuliza kwa uchungu ni hili: mbona mara ya kwanza benki ilikubali hati hii hii, na leo inaikataa? Swali hili ni la haki, na jawabu lake ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Hati haikubadilika, bali mwenyewe ndiye aliyebadilika. Kati ya mkopo wa kwanza na wa pili alioa, alinunua, alirithi, alijenga, pengine alifiwa. Mambo yote hayo yalitendeka katika maisha yake, lakini hayakuandikwa katika daftari la ardhi. Benki haitazami maisha, hutazama daftari.

Wapo wanaoona kwamba huo ni ukaidi wa makarani. Sivyo. Mwaka 1858, huko South Australia, Robert Torrens alianzisha utaratibu wa kuandikisha ardhi ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi duniani. Msingi wake ni kwamba haki ya mtu juu ya ardhi inatokana na yale yaliyoandikwa katika daftari la serikali, na si wingi wa karatasi alizohifadhi sandukuni wala ushahidi wa majirani. Faida yake ni kubwa. Benki iliyoko Kigali inaweza kumkopesha mtu wa Rusizi bila kuijua familia yake, kwa sababu daftari linasema. Lakini faida hiyo ina sharti lake: daftari linapokosea au linapokuwa nyuma ya wakati, mwenye mali hana pengine pa kusimama.

Nchini Rwanda daftari hilo si la zamani sana. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ndiyo iliyoweka wajibu wa kuandikisha ardhi yote. Majaribio yalifanywa katika seli nne, katika wilaya za Karongi, Musanze, Gasabo na Kirehe, kisha kazi ikaenea nchi nzima hadi kufikia mwaka 2013, na vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 vikapimwa na kuandikwa. Mwananchi alitakiwa kulipa faranga 1,000 kwa kipande ili kupata hati yake. Kila kipande kilipewa namba ya pekee, inayojulikana kwa herufi UPI. Namba hiyo hutaja kwanza mkoa, kisha wilaya, kisha sekta, yaani umurenge, kisha seli, yaani akagari, na mwisho namba ya kipande chenyewe. Tangu mwaka 2023 hati hizo zilianza kutolewa kwa njia ya elektroniki badala ya karatasi iliyochapishwa. Kwa hiyo hata mtu akiwa na karatasi nzuri ya zamani yenye mhuri, kinachohesabika ni yale yaliyomo katika daftari siku benki inapolifungua.

Sasa tuitazame hali yenyewe mahali inapotokea. Rwimbogo ni moja ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi, eneo ambalo kabla ya mwaka 2006 lilikuwa Mkoa wa Cyangugu. Ni nchi ya vilima, ambako mashamba ni madogo na yamepakana kwa ua wa miti, kwa njia ya miguu au kwa mfereji. Kutoka huko hadi Kigali ni safari ndefu inayopita katikati ya msitu wa Nyungwe, na askari anayetumikia mbali hawezi kuifunga safari hiyo kila karatasi moja inapokosekana. Tufikiri basi habari ya koplo mmoja wa mfano, mwenye nyumba Rwimbogo. Alipata hati yake mwaka 2012 akiwa hajaoa. Mwaka 2015 aliiweka rehani, akapata fedha za kujenga. Mwaka 2017 alifunga ndoa. Mwaka 2018 alinunua kipande chembamba kwa jirani, akapanua nyumba yake mpaka juu ya kipande hicho. Mwaka 2019 baba yake alifariki, akaacha shamba la kahawa lililo chini ya nyumba. Leo koplo huyu anataka mkopo mkubwa zaidi, na anaitaja nyumba pamoja na shamba hilo kuwa dhamana. Kwa macho ya majirani, mali yote hiyo ni yake bila shaka. Kwa macho ya daftari, yeye ni kijana asiyeoa mwenye kipande kimoja tu.

Kasoro ya kwanza ni ya ndoa. Sheria ya mwaka 1999 juu ya mali za wanandoa na urithi, pamoja na ile ya mwaka 2016 iliyochukua mahali pake, ziliweka taratibu tatu ambazo wanandoa waliweza kuchagua: kuchanganya mali yote, kuchanganya mali watakayoichuma pamoja, au kila mmoja kubaki na yake. Mtu aliyechagua kuchanganya mali yote, ardhi aliyoipata ujanani imekuwa ya wote wawili tangu siku ya ndoa, hata kama hati ingali inataja jina lake peke yake. Kwa sababu hiyo benki itadai cheti cha ndoa, itatazama utaratibu uliochaguliwa, na itataka mwenzi naye atie sahihi mbele ya noteri, yaani mthibitishaji wa mikataba. Jambo hili si la Rwanda peke yake. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2012 nazo zinadai ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Sababu ni moja kote: nyumba ikipigwa mnada, watakaolala nje ni mke, mume na watoto pamoja. Dawa yake ni kupeleka cheti cha ndoa kwa afisa wa ardhi mapema ili jina la mwenzi liandikwe. Aliyeachana na mwenziwe au aliyefiwa, naye alete hukumu ya mahakama au cheti cha kifo, kwa maana jina lililobaki katika hati linazuia kama vile jina lililokosekana linavyozuia.

Kasoro ya pili ni ununuzi wa karatasi ya mkono. Kile kipande chembamba kilinunuliwa mbele ya mashahidi, fedha zikahesabiwa, watu wakanywa wakashangilia, na karatasi ikahifadhiwa. Lakini katika daftari kipande hicho kingali cha jirani. Yapo mazingira yaliyowasukuma wananchi wengi katika njia hiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 2013 ilikataza kugawa shamba la kilimo iwapo vipande vitakavyopatikana vitapungua hekta 1, ilhali katika vilima kama vya Rwimbogo mashamba mengi hayafiki hata kipimo hicho kabla ya kugawanywa. Watu waliendelea kuuziana kimya kimya. Sheria ya tarehe 10 Juni 2021 ilichukua mahali pa ile ya 2013 na kulegeza katazo hilo, hivyo yaliyofanywa gizani yanaweza sasa kuletwa mwangani. Mnunuzi na muuzaji, pamoja na wenzi wao, hawana budi kufika mbele ya noteri, mauzo yaandikishwe, kipande kipimwe na kukatwa kutoka kwa muuzaji, kisha kiunganishwe na kile cha mnunuzi. Na hapa ndipo haraka inapohitajika. Muuzaji akiwa hai, kazi hii ni ya sahihi chache. Akifa, mnunuzi atalazimika kuwatafuta warithi wake wote, na huenda mmoja wao akadai kwamba hajui lolote juu ya mauzo hayo.

Kasoro ya tatu ni ya urithi. Shamba la kahawa lingali katika jina la marehemu, na marehemu hatii sahihi ya rehani. Familia inapaswa kupata cheti cha kifo, ikutane, iwataje warithi wote, na makubaliano yao yaandikwe na kuandikishwa. Tusisitize neno hilo, wote. Tangu sheria ya mwaka 1999, watoto wa kike na wa kiume wana haki sawa katika urithi. Lakini ingali ipo tabia ya kaka kuandika majina ya kaka peke yao, kwa hoja kwamba dada ameolewa na ana kwake. Tabia hiyo ni dhuluma. Isitoshe, kwa mkopaji ni hatari iliyo wazi, maana dada aliyeachwa anaweza kupeleka madai yake kwa abunzi, yaani wapatanishi wa seli na sekta, au mahakamani, na ardhi ikishaingia katika ugomvi benki huondoa mkono wake mara moja. Mkopo uliokuwa ukisubiri wiki mbili hugeuka kesi ya miaka miwili. Askari anayetaka njia fupi na aanze kwa kuwaita dada zake.

Kasoro ya nne ni ya mipaka. Uandikishaji wa nchi nzima ulifanywa kwa haraka na kwa gharama ndogo, na ndiyo maana ulifanikiwa. Mipaka ilichorwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, wenye mashamba na majirani wakionyesha ua au njia, na vijana waliofunzwa wakichora mstari. Mipaka ya namna hiyo yatosha kumtambua mwenye shamba, lakini haikukusudiwa kuwa na usahihi wa kipimo cha mpima ardhi. Mstari ukipotoka kwa hatua tatu katika shamba la migomba, hakuna anayeumia. Ukipotoka hatua tatu katika kiwanja chenye nyumba, ukuta wa jiko huonekana uko kwa jirani. Mthamini wa benki akiliona hilo, hataihesabu sehemu iliyovuka, au ataikataa nyumba nzima. Marekebisho hufanywa kwa kumwita mpima aliyeidhinishwa, majirani wakishuhudia na kutia sahihi. Kwa hiyo ujirani mwema ni sehemu ya mali. Aliyegombana na jirani kwa sababu ya kuku atamhitaji siku ya mpaka.

Kasoro ya tano ni rehani ya zamani ambayo haikufutwa. Rehani nchini Rwanda, kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya tarehe 14 Mei 2009 na kurekebishwa mwaka 2010, huandikishwa kwa Msajili Mkuu katika Halmashauri ya Maendeleo ya Rwanda, ile inayojulikana kwa herufi RDB. Mkopo unapomalizika, deni hufa katika vitabu vya benki, lakini rehani haifi yenyewe katika daftari. Hapana budi benki itoe barua ya kuiachia, na rehani ifutwe. Wakopaji wengi hupokea pongezi na kwenda zao. Miaka mingi baadaye, benki mpya inafungua daftari na kukuta mali imefungwa kwa deni ambalo lililipwa zamani. Pengine tawi lililokopesha limekwisha kufungwa, au benki yenyewe imeunganishwa na nyingine, na kutafuta barua hiyo kunakuwa kazi ya miezi. Kila askari anayemaliza kulipa mkopo na aiombe barua hiyo siku ile ile, kisha afuatilie mpaka aone mwenyewe kwamba rehani imeondolewa.

Kasoro ya sita huonekana ndogo, nayo ni ya majina na namba. Kitambulisho cha taifa kina tarakimu 16. Ikikosewa moja wakati wa kuandikisha ardhi, mwenye hati na mwenye kitambulisho huwa watu wawili tofauti. Vivyo hivyo jina la ubatizo lililoandikwa kwa tahajia ya Kifaransa katika hati na kwa tahajia nyingine katika kitambulisho. Wengine wanashikilia karatasi za zamani zinazotaja komini na mkoa wa Cyangugu. Mwaka 2006 mikoa ilipunguzwa na wilaya zikatoka 106 kuwa 30, na majina mengi ya maeneo yakabadilika. Karatasi kama hizo zinaweza kusaidia kueleza historia ya shamba, lakini haziwezi kusimama badala ya namba ya UPI.

Kasoro ya saba ni matumizi ya ardhi. Hati hutaja kama kipande ni cha kilimo, cha makazi au cha biashara, na hutaja kama mwenyewe ana umiliki kamili au ana upangaji wa muda mrefu, pamoja na miaka yake. Nyumba nzuri iliyojengwa bila kibali juu ya kipande kilichoandikwa kuwa cha kilimo inaweza kuhesabiwa na mthamini kuwa shamba tu. Na pale ambapo miaka ya upangaji iliyobaki ni michache kuliko miaka ya mkopo unaoombwa, benki itataka upangaji huo uongezwe kwanza.

Ndugu wasikilizaji, hayo ni ya kila mwananchi. Lakini mtumishi wa jeshi au polisi ana shida ya ziada, nayo ni kwamba hayupo nyumbani. Anahamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine. Anapelekwa ng'ambo kulinda amani, kama vikosi vya Rwanda vilivyopelekwa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, au vile vilivyoingia Cabo Delgado, Msumbiji, mwezi Julai 2021. Aliye katika doria msituni hawezi kufika kwa noteri siku ya Jumatano kwa sababu karani amemhitaji. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hana budi kuacha hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, inayompa mke, mume, ndugu au wakili mamlaka ya kutenda kwa niaba yake.

Hata hivyo hati hiyo iandikwe kwa tahadhari. Isiwe ya kusema kwamba fulani anaweza kufanya lolote juu ya mali yangu yote. Itaje namba ya kipande, itaje kazi inayoruhusiwa, kwa mfano kusahihisha mipaka, kuandikisha urithi, au kutia sahihi rehani kwa mkopo usiozidi kiasi fulani, tena itaje tarehe ya mwisho wake. Uwakilishi mpana mno umewahi kuwarudisha watu nyumbani wakakuta mlango una kufuli jipya. Na anayeachwa nyumbani naye ajue wajibu wake. Mke wa askari ambaye hajui namba ya UPI, hajui benki ipi inashika rehani wala deni limebaki kiasi gani, atapata taabu mara mbili iwapo mumewe hatarudi. Kumficha mwenzi habari za rehani si siri ya kijeshi.

Baada ya kueleza kasoro, tueleze mpango wa kazi. Anayekusudia kuweka rehani upya na aanze miezi kadhaa kabla ya kuhitaji fedha. Hatua ya kwanza ni kuliangalia daftari linasema nini leo: jina la nani, ukubwa gani, matumizi gani, na kama kuna rehani au zuio lolote. Huduma nyingi za ardhi huombwa kwa njia ya Irembo, na afisa wa ardhi wa sekta anaweza kusaidia kusoma kilichoandikwa. Hatua ya pili ni kuyalinganisha hayo na hali halisi kwa kutembea juu ya mpaka wenyewe, akiwa na hati mkononi na jirani pembeni. Hatua ya tatu ni kusahihisha kwa mfuatano unaofaa: urithi na mauzo kwanza, kisha vipimo, kisha majina na matumizi. Anayepima kabla ya kumaliza urithi atalipia vipimo mara mbili.

Hatua ya nne, na wengi hukosea hapa, ni kumwita mthamini mwishoni. Wathamini wa mali nchini wana chama chao kilichowekwa kwa sheria mwaka 2010, na benki hupokea ripoti ya aliyeidhinishwa tu. Ripoti hiyo hulipiwa, na huchakaa. Ikiandikwa leo na hati ikanyooka baada ya mwaka, benki itadai nyingine. Hatua ya tano ni kuzikutanisha benki mbili. Mkopaji asikubali kulifunga deni la zamani kwa fedha za kuazima mitaani kabla benki mpya haijatoa ahadi yake kwa maandishi. Njia iliyo salama ni benki mpya kuilipa ya zamani moja kwa moja, na ya zamani kuahidi kwa barua kwamba itaiachia rehani mara ipokeapo fedha. Hapo pia na asome mkataba wake wa kwanza, aone kama kuna tozo kwa anayelipa deni kabla ya wakati, maana tozo hiyo inaweza kumeza faida yote ya riba ndogo.

Wanajeshi na polisi wengi wamezoea kukopa katika Zigama CSS, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya watumishi wa ulinzi na usalama, ambako mshahara wenyewe ni sehemu ya dhamana. Mazoea hayo yanaweza kumfanya mtu adhani kwamba hati si kitu. Mkopo mdogo hutegemea mshahara. Mkopo mkubwa wa nyumba huhitaji nyumba. Na mshahara una mwisho wake: kuna kustaafu, kuna kuumia, kuna kufa kazini. Ardhi iliyoandikwa vizuri hubaki.

Hapana budi pia tuseme juu ya njia za mkato. Wapo madalali wanaozunguka karibu na ofisi, wakiahidi kuinyoosha hati kwa siku tatu. Wapo wanaoshauri sahihi ya mke iigizwe, kwa kuwa yuko mbali na hatajua. Kughushi sahihi ni kosa la jinai kwa sheria ya tarehe 30 Agosti 2018 juu ya makosa na adhabu, na askari polisi anajua kuliko raia yeyote jinsi kosa la namna hiyo linavyofunuliwa. Rehani iliyopatikana kwa sahihi ya uongo inaweza kubatilishwa, na aliyeighushi akabaki na deni, bila dhamana, bila kazi.

Lakini si haki mzigo wote umwangukie mkopaji. Benki nazo zina wajibu. Kumwambia mtu leo kwamba cheti cha ndoa kinakosekana, mwezi ujao kwamba mpaka umepotoka, na mwezi wa tatu kwamba rehani ya zamani haijafutwa, ni kumtesa bila sababu. Daftari likifunguliwa mara moja, kasoro zote huonekana mara moja, na zote zitajwe katika barua moja. Ofisi za sekta nazo zikumbuke kwamba askari aliyepewa ruhusa ya siku tano hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo. Na makamanda wa vikosi wangefanya jambo la maana kama wangeuliza, wakati askari wanapojiandaa kwa safari ya ng'ambo, si juu ya viatu na chanjo tu, bali pia kama mambo ya nyumba na ardhi yameachwa yakiwa yameandikwa.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa na maana ya daftari la dukani, lakini usemi huo unaifaa ardhi zaidi. Yule koplo wetu wa mfano hajapoteza kitu bado. Jirani aliyemuuzia kipande yu hai, dada zake wanamsikiliza, mkewe yuko tayari kutia sahihi. Kila mwaka anaouacha upite, mmoja wa hao anaweza kutoweka, na kazi ya wiki chache ikageuka kesi. Basi msikilizaji uliye likizoni, au unayesubiri kuondoka mwezi ujao, itafute namba ya UPI ya kipande chako, ulisome daftari linavyosema, na umwonyeshe mwenzi wako.